Mtoto anaanza timu ya kuogelea Mwanza: ya kujua kabla ya kulipa ada

Wazazi wengi huanzia dukani. Wananunua miwani, kofia na begi, wanalipa ada ya miezi mitatu, halafu wiki ya pili mtoto anagoma kwenda. Anzieni bwawani, mikono mitupu. Timu ya watoto ya kujifurahisha, ile ya mazoezi mara mbili au tatu kwa wiki na mashindano machache kwa mwaka, inataka mambo matatu: maji safi, kocha anayetazama, na mzazi anayejua kwamba kazi yake iko nchi kavu. Hili la tatu ndilo linalosumbua zaidi, tutalirudia.

Mabwawa ya Mwanza yako kwenye hoteli na baadhi ya shule binafsi, kwa hiyo timu hukodi muda, na ratiba hubadilika hoteli ikiwa na harusi au shule ikifunga. Ulizeni mapema: bwawa likichukuliwa na sherehe Jumamosi, mazoezi yanahamia wapi, na ada ya siku hiyo inakuwaje?

Kulitazama bwawa

Nenda siku ya mazoezi, saa ileile ambayo mtoto wako ataogelea. Jumatatu asubuhi kila bwawa ni zuri. Simama upande wa kina kirefu, tazama chini: lile bamba lenye matundu linalonyonya maji sakafuni lionekane wazi, na matundu yake. Ukiona kivuli tu, basi na mtoto aliyezama ataonekana kivuli tu, au hataonekana kabisa. Hapo usizungumze habari ya ada, rudi nyumbani.

Kisha nusa. Harufu kali inayochoma macho watu huisoma kama "dawa imezidi". Mara nyingi ni kinyume chake: klorini imechoka kupambana na jasho na mkojo, na kinachonuka ni mabaki ya pambano hilo. Ndiyo maana timu makini huwalazimisha watoto kuoga kabla ya kuingia, na kwenda chooni kabla ya kuoga. Mwombe mhudumu akuonyeshe vipimo vya siku. Klorini huru, yaani ile ambayo bado ina nguvu ya kuua vijidudu, iwe kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita, na pH, kipimo cha uasidi wa maji, kati ya 7.2 na 7.8. Anayepima kweli ana daftari, na hatakasirika ukimwomba. Ulizia pia umeme ukikatika kutwa nzima inakuwaje, maana pampu ikisimama kwenye joto letu na watoto ishirini wameshaogelea, maji huanza kugeuka kijani kesho yake.

Kuna swali la huku kwetu peke yake: bwawa linajazwa maji gani? Maji ya bomba yametibiwa. Lakini maji yakiletwa na boza kutoka ziwani moja kwa moja, kuna kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wa majini na kupenya ngozi ya mtu. Visipopata mwili hufa ndani ya siku mbili tatu, na klorini ya kutosha huviua mapema zaidi. Kwa hiyo hatari ni bwawa lililojazwa jana kwa maji mabichi na kufunguliwa leo.

Mwisho pima urefu. Hatua ndefu ya mtu mzima ni kama mita moja, tembea ukingoni uhesabu. Mashindano hufanyika kwenye bwawa la mita 25 au 50, ilhali mabwawa mengi ya hoteli ni mafupi zaidi, mengine yamepinda kama figo. Hilo halizuii kujifunza. Ila mtoto aliyezoea mita 15 hupumzika ukutani bila kujua, na siku ya kwanza kwenye mita 25 ataishiwa nguvu akiwa amebakiza mita saba nane. Kocha mwenye akili huwapeleka kwenye bwawa refu mara kadhaa kabla ya shindano.

Maswali kwa kocha

Mfuate baada ya mazoezi, si katikati, kwa sababu wakati huo macho yake yanapaswa kuwa majini. Ukitaka kuanza kwa ujumbe wa simu, andika mambo yenye maana tangu mwanzo: "Habari za kazi, kocha. Mimi ni mama yake Neema, ana miaka 8, anaelea chali lakini hajawahi kufika mita 25. Tunaishi Nyegezi, anatoka shule saa tisa na nusu. Naomba kuja kutazama mazoezi ya Jumatano." Kocha akisoma hivyo anajua mtoto aende kundi gani, na kwamba kwa foleni ya jioni hatafika saa kumi kamili.

Muulize watoto wangapi kwa kocha mmoja. Kwa wasiojua kuogelea, watoto wakizidi sita au wanane kocha awe na msaidizi. Nani anatazama maji kocha akiwa anaandika au anaongea na simu? Nani amefunzwa kumrudishia pumzi mtu aliyezama, na boya la kurusha na mti mrefu wa kumvutia viko wapi? Muombe akuonyeshe kwa kidole. Kama viko stoo na stoo imefungwa, hesabu kwamba havipo.

Uliza pia mambo ambayo watu wanaona haya kuyauliza: watoto wanabadilishia nguo wapi, nani anaingia humo, nani anaruhusiwa kupiga picha. Utaratibu unaofaa ni kwamba mtu mzima hakai peke yake na mtoto mahali pa faragha, ujumbe wa timu hupita kwa wazazi na si kwa mtoto, na lifti ya kocha haitolewi bila mzazi kujua. Kocha mzuri hachukizwi na maswali haya. Anayechukizwa amekupa jibu.

Karatasi na afya

Kwa kawaida mtaombwa nakala ya cheti cha kuzaliwa, picha ndogo, namba mbili za simu na fomu ya ridhaa. Cheti ni muhimu kwa sababu makundi ya mashindano ni ya umri, na siku moja tu huweza kumpeleka mtoto kundi la juu. Muulize mwandaaji umri unahesabiwa tarehe gani.

Kwenye fomu ya afya usifiche kitu kwa kuogopa mtoto atakataliwa. Pumu haimzuii kuogelea, ila dawa yake ya kuvuta ikae ukingoni, isibaki kwenye begi lililo ndani ya gari. Kifafa kinahitaji ruhusa ya daktari na mtu mzima wa kumtazama yeye peke yake. Selimundu (sikoseli) iseme kwa sauti, na Kanda ya Ziwa ina watoto wengi wenye nayo. Maji baridi na uchovu huweza kuamsha maumivu makali, hivyo daktari wake atoe ruhusa kwanza. Akiruhusiwa, aogelee muda mfupi, anywe maji kabla na baada, na akitoka afunikwe taulo palepale badala ya kusimama kwenye upepo wa ziwa akisubiri wenzake.

Mtoto mwenye ualbino apewe zamu ya baada ya saa kumi na moja jioni, fulana ya kuogelea ya mikono mirefu, kofia pana akiwa nje ya maji, na mafuta ya kukinga jua yapakwe nusu saa kabla, kisha yarudiwe. Mueleze pia kocha kama haoni vizuri kwa mbali. Ishara za mkono kutoka upande wa pili wa bwawa atazikosa, na wasiojua wataita ukaidi.

Vifaa: anza na miwani

Ukiwa na fedha ya kifaa kimoja tu, nunua miwani, tena nunua mpya. Mitumba ya soko la Mlango Mmoja ina nguo nzuri za kuogelea, lakini miwani ya mtumba mpira wake umeshakauka.

Kuchagua ni hivi. Mwekee mtoto miwani usoni bila kuvuta mkanda, bonyeza kidogo, achia. Ikishika yenyewe sekunde mbili tatu kabla ya kudondoka, inamfaa. Isiposhika, hata ukaze mkanda vipi itavuja. Hapo ndipo wazazi wanapokosea: miwani inavuja, wanakaza, mpira unajikunja, inavuja zaidi, na mtoto anatoka na duara mbili nyekundu machoni na kichwa kinamuuma. Mkanda ukae juu ya masikio na kuzunguka kisogo pale kilipochomoza. Ukiteremka shingoni, miwani nayo hushuka puani. Ndani ya kioo msifute kwa kidole wala shati, kuna utando unaozuia ukungu na hukwanguka haraka. Suuza kwa maji safi, acha ikauke kivulini.

Kofia ya kitambaa ni rahisi kuvaa ila hupitisha maji; ya silikoni ndiyo inayodumu. Kwa msichana mwenye rasta au mabutu tafuta ile pana inayotengenezwa kwa nywele nyingi, na shanga zitoke kwanza, zinapasua kofia. Lowesha nywele kwa maji ya bomba kabla ya kuivaa: nywele iliyokwisha kunywa maji safi hainywi sana ya klorini. Mafuta yawe kidogo tu. Ukimpaka mengi kofia inateleza, miwani inapata ukungu wa mafuta, na kichujio cha bwawa kinaziba. Kuivaa: lowesha ndani, mtoto aishike kwenye paji la uso kwa viganja viwili, wewe ivute nyuma mpaka kwenye kisogo, kisha chomeka nywele za pembeni. Tumia vidole, si kucha.

Nguo iwe ya kitambaa cha kuogelea. Fulana ya pamba inakunywa maji na kumvuta mtoto chini, na bukta ya kuchezea mpira ina mifuko inayojaa kama ndoo. Vazi la stara linalofunika mwili mzima halina tatizo mazoezini mradi limebana na si pamba. Kwa mashindano mjulishe kocha mapema azungumze na waamuzi. Ukinunua mtumba, ivute nguo kwa mikono miwili ukielekeza kwenye mwanga. Ukiona nyuzi nyeupe zilizokatika katikati ya rangi, mpira wake umekufa, wiki mbili itamvuka.

Ongeza taulo, kandambili, chupa ya maji, na suruali ndefu ya kuvaa baada ya mazoezi, maana giza likiingia mbu wako kazini. Ubao wa kupigia miguu na mapezi timu huwa nayo. Msinunue mwezi wa kwanza.

Jaribio na wiki za mwanzo

Timu nyingi za aina hii huomba mtoto aogelee mita 25 bila kushika ukuta wala kamba, mtindo wowote, kisha aelee chali kwa muda. Asipoweza hajafeli, anaanza na kundi la wanafunzi. Mkitaka kumtayarisha nyumbani inatosha beseni la maji: avute pumzi kwa mdomo, azamishe uso, atoe mapovu polepole kwa pua na mdomo mkihesabu mpaka tano, ainuke, avute tena. Mara kumi kwa siku, mtu mzima akiwa pembeni muda wote. Nusu ya shida ya mtindo huru, ule wa kifudifudi mikono ikipokezana, ni kwamba mtoto anabana pumzi chini ya maji, kisha akiinua uso anatakiwa atoe na avute kwa mpigo mmoja. Hawezi, anameza maji.

Shida ya pili ni kichwa. Anayeinua uso mbele kutafuta hewa hushusha nyonga, miguu inazama, anaanza kukanyaga kama mwendesha baiskeli. Mzazi ukingoni anapiga kelele "piga miguu!" Anapiga, anachoka zaidi, anasimama. Dawa yake ni kugeuza shavu pembeni huku sikio moja likibaki majini, na hilo ni la kocha kulifundisha. Ninyi mkae mbali kiasi kwamba mtoto akitafuta uso wa kumtazama aukute wa kocha.

Zoezi la saa moja kwa anayeanza linaweza kuwa hivi: mara nne mita 25 kwa kujinyoosha, mara sita mita 25 za miguu kwa ubao akipumzika sekunde 20 kila baada ya moja, mara nane mita 25 za mtindo kamili, mikono na miguu pamoja, mara mbili mita 50, na mchezo mwishoni. Jumla ni mita 550. Mkisikia timu nyingine inawaogelesha watoto wa umri huo mita 2,000, msione wivu.

Adabu ya njia, ile nafasi ya kuogelea kati ya kamba mbili, mfundisheni kabla hajaenda. Kila mtu anaogelea upande wake wa kulia, anamwachia aliye mbele sekunde tano, akipumzika anakaa kwenye kona ili wengine wageuke, na anayetaka kupita anagusa unyayo wa aliye mbele mara moja. Kushika mguu ni ugomvi.

Chakula kizito, ugali au wali, kiwe saa mbili kabla. Akitoka shule na njaa, ndizi moja au kikombe cha uji kinatosha. Baridi nayo ichukulieni kwa uzito, hata kama mchana kulikuwa na jua la kupasua miamba: mtoto mwembamba hupoa haraka majini. Midomo ikigeuka rangi ya jivu, meno yakigongana, mikono imekumbatia kifua, anatoka. Haombwi amalizie mizunguko miwili. Na ngurumo ikisikika wote wanatoka, mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yanayopigwa sana na radi duniani, kwa hiyo kocha anayesema "bado iko mbali" anacheza.

Wiki ya tatu huja "tumbo linauma" dakika chache kabla ya kuondoka. Msianze na mahubiri. Ulizeni miwani inavuja? Amewekwa njia ya wanaomzidi kasi? Anaona aibu kubadilisha nguo? Anasikia baridi? Mara nyingi ni mojawapo ya hayo, na linatatuliwa siku hiyohiyo.

Masikio yakaushwe kwa kuinamisha kichwa na kuvuta ndewe taratibu, kisha ncha ya taulo. Vijiti vya pamba husukuma nta ndani na kuchubua, na hapo ndipo sikio linapoanza kutoa usaha.

Siku ya shindano la kwanza

Fikeni saa moja kabla, kwa sababu kupasha misuli majini huwa na muda wake na hakurudiwi. Mtoto huwa na mbio mbili au tatu na kusubiri saa nyingi katikati, basi leteni kivuli, mkeka, maji, ndizi na viazi vitamu vya kuchemsha. Chipsi mayai zisubiri mpaka mbio ya mwisho ipite. Mwandikieni kwenye mkono kwa kalamu ya wino mstari mmoja kwa kila mbio: namba ya mbio, kundi (zamu ya wanaoanza pamoja), njia. "12 – 3 – 5" maana yake mbio ya 12, kundi la tatu, njia ya tano. Bila hivyo atakuwa anacheza wakati jina lake linaitwa.

Wageni huondolewa mashindanoni kwa makosa yaleyale. Kwenye mitindo ya chura na kipepeo anagusa ukuta kwa mkono mmoja, na sheria inataka miwili kwa pamoja. Kwenye mtindo wa chali anageuka kifudifudi kabla ya kugusa mwisho; zile bendera juu ya maji ziko mita 5 kutoka ukutani, na mazoezini anapaswa kuhesabu ni mizunguko mingapi ya mikono kutoka bendera hadi ukuta. Kwenye mtindo huru akichoka anaruhusiwa kusimama chini, lakini akitembea au kuvuta kamba ametoka. Mwambieni hilo la kusimama, linawaondolea hofu wengi. Na kama hajafundishwa kuruka, aanzie ndani ya maji akishika ukuta. Vibao vya kuanzia vinataka kina kisichopungua mita 1.35, na kujirusha kichwa mbele kwenye maji yanayofika kifuani huvunja shingo.

Wazazi hutakiwa kusaidia kupima muda. Kubalini, ndipo mahali pazuri pa kutazamia. Anzisha saa kwa ishara ya kuanza, simama juu kabisa ya ukuta, zima mtoto anapougusa. Saa zikiwa tatu kwa njia moja zikatofautiana zote, unachukuliwa muda wa katikati. Mbili zikilingana, huo ndio muda.

Kuhusu fedha: ulizeni tofauti kati ya ada ya kujiunga, ya mwezi, ya bwawa na ya kila mbio, na mpewe risiti, hata ya ujumbe wa simu. Safari ndiyo inayoshtua watu. Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara, basi gharama ni nauli, kulala siku mbili tatu, na mtu mzima wa kusindikiza. Kwa mwaka wa kwanza mashindano ya hapa yanatosha.

Ziwa ni habari nyingine

Mwanza ilizika watu wa MV Bukoba, meli iliyozama ziwani, pale Igoma mwaka 1996, na kila mzazi hapa ana sababu ya kutaka mwanawe ajue maji. Lakini mtoto wa mita 25 bwawani hajawa muogeleaji wa ziwa. Ziwani hakuna ukuta wa kushika, huoni chini, mwamba unaishia ghafla kwenye kina, magugu maji yanashika miguu, na mawimbi ya mchana yanamjaza mdomo kila akigeuza shavu. Kuna sehemu zenye mamba na viboko, na wavuvi wa mahali ndio wanaozijua.

Timu ikipanga siku ya ufukweni, sharti liwe boti au mtumbwi wenye mtu wa kuokoa, jaketi la kuokolea kwa kila asiyefika kiwango, na hesabu ya vichwa kila robo saa. Epukeni maji yaliyotulia yenye majani, hasa kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa tisa alasiri, konokono wanapomwaga vijidudu vya kichocho kwa wingi. Mtoto ajifute kwa taulo mara tu atokapo. Kisha weka alama kwenye kalenda, miezi miwili mbele, apelekwe zahanati kupimwa choo, kwa kuwa dawa ya kichocho, prazikuanteli, huua minyoo iliyokomaa na kuwaacha wachanga. Akiumwa tumbo au kuona damu kwenye choo kabla ya hapo, apelekwe siku hiyohiyo na daktari aambiwe kwamba aliogelea ziwani.